Kujifunza Upya Kusema Shikamoo

Nilikuwa na miaka 27, fundi cherehani niliyewahi kushona sare za harusi za watu kumi na wawili kwa wiki moja, siku nilipofundishwa upya kusema shikamoo. Tulikuwa saba katika chumba kidogo nyuma ya kliniki, tumekaa kwenye mabenchi mawili yanayotazamana. Sista, nesi wa kliniki, alisimama mlangoni akajifanya yeye ndiye mimi. Mzee mmoja aliyekuwa dereva wa lori kabla hajaugua akaombwa awe jirani anayepita njia. Sista akapunguza mwendo, akainamisha kichwa kidogo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Za nyumbani?"

"Salama tu."

"Haya, mzee, nafika sokoni mara moja."

Kisha akanigeukia: "Sasa wewe."

Sikuweza. Maneno nilikuwa nayo tangu sijaota meno yote, lakini nilipomkaribia yule mzee miguu ilikataa kusimama, nikampita kama ninavyopita nguzo ya umeme. Sista hakunikemea. Alisema, "Umenyanyuka kwenye benchi na umefika mpaka alipo. Hapo umefanya vizuri. Rudia, ila safari hii usiseme kitu, simama tu mbele yake." Nikasimama. Nikarudia mara nne. Ya tano shikamoo ikatoka, na mzee akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu anayeita abiria, hata mabenchi yote mawili yakapiga makofi.

Asiyepitia ugonjwa huu wa akili, skizofrenia, ataona ni jambo la watoto. Hebu aitazame salamu yetu ilivyo. Unamwona mtu kwa mbali, inabidi uamue kama ni mkubwa kwako au ni rika lako. Upunguze mwendo usije ukaambiwa una kiburi. Umwamkie, usubiri aitikie, ujibu habari za mama, uulize za watoto, na kama mmoja wao alikuwa anaumwa umkumbuke. Halafu utafute mahali pa kuagia bila kumkatisha. Mimi nilikuwa namsikia jirani, na nyuma yake namsikia mwingine asiyeonekana akinong'ona, "Anakuuliza ili akakutangaze." Nikiwa bado naamua nimjibu yupi, jirani ameshakwenda zake, na jioni habari imefika nyumbani kwamba siku hizi sisalimii watu.

Sauti zilianza nikiwa na miaka 23. Mwanzoni nilisikia jina langu ndani ya mlio wa cherehani: nikikanyaga linaitwa, nikiacha linanyamaza. Baadaye likaitwa hata nisipokanyaga. Nikaanza kuamini kwamba wateja wanaacha vitu ndani ya vitambaa vyao makusudi, nikawa nafumua pindo kutafuta. Nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga, nilisomewa dua na nikanywa kombe, yale maji yanayooshewa aya zilizoandikwa, na sitamlaumu mtu kwa hilo, maana walionisomea walinishika mkono kwa upole wakati wengine walikuwa wanavuka barabara wakiniona. Baada ya mwaka na nusu shangazi yangu akanipeleka kliniki. Nikaambiwa ni skizofrenia. Nikapewa vidonge vya haloperidoli, baadaye sindano ya kila mwezi, na baada ya wiki kadhaa sauti zikapungua mpaka zikawa kama redio ya nyumba ya pili.

Watu wakasema nimepona. Mama akapika pilau.

Lakini mimi nilikaa. Nilikaa kwenye kiti cha uani kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri, na cherehani yangu imefunikwa khanga. Sikuwa na huzuni, na hilo ndilo lililokuwa gumu kulieleza. Nilikuwa sina kitu. Kaka yangu alisema ni uvivu, kwamba ugonjwa umekwisha na sasa nimezoea kuhudumiwa. Sista ndiye aliyekuja kutuchorea kwenye karatasi mafungu mawili. Fungu la kwanza ni vitu ambavyo ugonjwa unaviongeza: sauti, hofu, mawazo yasiyo ya kweli. La pili ni vitu ambavyo unavipunguza: hamu, maneno, uso unaoonyesha furaha, nguvu ya kuanza jambo. Alisema dawa hizi, tangu ile ya kwanza ilipoanza kutumika kwa wagonjwa wa akili Ufaransa mwaka 1952, zinafanya kazi zaidi kwenye fungu la kwanza. La pili linahitaji kazi nyingine pamoja na dawa. Kaka aliitazama ile karatasi kwa muda mrefu. Hakuomba radhi, lakini neno uvivu sikulisikia tena kwake.

Kuna jambo jingine ambalo nilitamani ningeambiwa mapema. Dawa yenyewe ilinikakamaza uso. Nilikuwa nafikiri natabasamu, kumbe kwenye kioo hakuna kitu. Mtu anakuchekea, uso wako haumrudishii, anaondoka akidhani umemchukia. Nilipolisema hilo kliniki nilipunguziwa kipimo na nikaongezewa vidonge vya Artane, vya kupunguza kukakamaa huko, na ndani ya mwezi mashavu yakaanza kunirudia. Kwa hiyo kabla ya kumfundisha mtu namna ya kuongea na wenzake, mwangalie kwanza kama dawa haijamfunga uso, maana mimi ningefanya mazoezi mwaka mzima na watu wangeendelea kuniona nimenuna.

Haya mafunzo ya stadi za kijamii hayakuanzia kwetu. Sista alikuwa na bunda la fotokopi zilizofifia, na kutoka humo ndimo nilimosikia jina la Robert Liberman, daktari wa Los Angeles ambaye tangu miaka ya 1970 alishikilia kwamba kuishi na watu kunaweza kufundishwa kama unavyofundisha ufundi wowote. Mimi nililielewa hilo upesi kuliko madaktari, nadhani, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyofundishwa kushona. Fundi wangu hakunihutubia kuhusu kola. Alishona yeye nikitazama, nikashona mimi akitazama, akasifu palipokaa sawa, akanionyesha kosa moja tu, nikafumua, nikarudia. Kundi letu lilikwenda vivyo hivyo. Tunachagua jambo moja, tunalikata vipande, Sista anaonyesha, mmoja wetu anaigiza, wenzake wanamwambia alichofanya vizuri kabla ya kitu kingine chochote, kisha anapewa sehemu moja ya kurekebisha. Mambo ya msingi yalikuwa manne: kumsikiliza mtu, kuomba kitu, kusema jambo lililokufurahisha, na kusema lililokuudhi. Hilo la nne lilituchukua miezi miwili. Wengi wetu tulikuwa tumezoea kwamba tukikasirika tunaambiwa ugonjwa umepanda.

Si kila kitu cha kwenye zile karatasi kilitufaa. Ziliagiza umtazame machoni unayeongea naye. Kijana mmoja akauliza kama amtazame hivyo baba mkwe wake, tukacheka mpaka mzee wa lori akafuta machozi. Sista akakata mstari ule kwa kalamu. Tukakubaliana kwamba kwa mkubwa unainamisha macho na kumwelekezea uso, kwa rika unamtazama kisha unaacha, na dukani unatazama mkono wa anayekupa chenji. Mpaka leo natumia huo wa dukani.

Kila wiki tulipewa kazi ya kwenda kufanya nyumbani. Ya kwangu ya kwanza ilikuwa genge la jirani: ninunue fungu la nyanya, niombe nyongeza ya pilipili, niseme asante. Nilikwenda siku tatu mfululizo nikarudi bila nyanya. Siku ya nne mwenye genge, ambaye hakujua lolote kuhusu kazi yangu, aliniambia, "Wewe binti, kila siku unanisimamia tu hapa, leo chukua." Nikasema, "Naomba fungu moja, na uniongeze pilipili." Akaniongeza mbili. Nilizitunza mpaka zikakauka.

Hapo ndipo penye ugumu wa mafunzo haya, na sitaki kumdanganya anayefikiria kumpeleka ndugu yake. Chumbani unaweza kuwa hodari na mtaani ukawa bubu. Baadaye nilisoma kwamba mwaka 2008 Wamarekani wawili, Matthew Kurtz na Kim Mueser, walikusanya tafiti 22 zilizokuwa na washiriki 1,521 na kukuta mambo hayohayo: wagonjwa hujifunza sana kile wanachofundishwa, maisha yao ya kila siku hubadilika kwa kiasi cha kati, na athari kwenye kuzuia ugonjwa usirudi ni ndogo. Kusoma hivyo kulinipa nafuu. Nilikuwa nadhani mimi ndiye mzito.

Zoezi lililonisaidia zaidi halikuhusu kuongea kabisa. Sista alileta picha kubwa ya kalenda, akaifunika khanga, akawa anaifunua kidogo kidogo huku akituuliza ni picha ya nini. Ilipoonekana pembe ya kitu cheupe nilisema jeneza, na nilikuwa na hakika. Wengine wakasema jahazi, shuka, ukuta wa msikiti. Ilipofunuka yote ikawa keki ya harusi. Alitueleza kwamba wenye ugonjwa wetu wengi huamua mapema, kwa ushahidi mdogo, na wakishaamua hawarudi nyuma. Mafunzo ya aina hiyo yalitengenezwa na Steffen Moritz na wenzake huko Hamburg, Ujerumani. Tangu siku hiyo, nikiona wanawake wawili wananong'ona halafu wanacheka, naitafuta keki. Najilazimisha kutaja sababu nyingine mbili kabla ya ile ya kwamba wananicheka mimi. Mara nyingi sababu ya pili ninayoipata ni ya kipuuzi, lakini kule kuitafuta tu kunanipa muda wa kushusha pumzi.

Sasa nimfikie Mama, kwa sababu bila yeye nisingekuwa hai, na kwa sababu ilibidi naye afundishwe.

Mama alikuwa ananijibia. Mtu akiniuliza hali, Mama anasema, "Hajambo, leo kala vizuri." Nikiulizwa nataka chai ya rangi au ya maziwa, Mama anasema ya maziwa. Alianza kufanya hivyo nikiwa siwezi kujibu, na nilipoanza kuweza hakujua wakati umefika wa kuacha. Sista alipokuja nyumbani alikaa jamvini, akanywa uji, akasikiliza mara sita nikijibiwa. Kisha akamwambia kwa heshima sana, "Mama, nami nakuomba kazi moja ya nyumbani. Mtu akimuuliza, wewe hesabu kimoyomoyo mpaka kumi." Mama aliona aibu, halafu akaona uchungu, halafu akajaribu. Siku ya kwanza nilijibu alipofika tisa. Alinisimulia mwenyewe usiku, akilia.

Kuna elimu kubwa nyuma ya kazi hiyo ndogo. Mwanasosholojia George Brown na wenzake walianza London, mwishoni mwa miaka ya 1950, kuwafuatilia wagonjwa waliotoka hospitali, wakaona kwamba waliorudi kwenye nyumba zenye lawama, uhasama au kuhangaikiwa kupita kiasi waliugua tena zaidi kuliko wenzao. Hata mapenzi, yakizidi, yanaweza kumbana mtu. Na karibu na kwetu, Zanzibar, Mmarekani Juli McGruder alikaa na familia zenye wagonjwa waliotibiwa Kidongo Chekundu, hospitali ya wagonjwa wa akili, akaeleza jinsi imani ya maruhani, yaani pepo, ilivyoziruhusu baadhi ya familia kumpokea mtu wao kwa utulivu siku zake nzuri bila kumlaumu kwa zile mbaya. Niliposimuliwa hayo nilimkumbuka shehe aliyenisomea. Yeye na Sista hawakuwahi kuonana, lakini sauti zao zilifanana: za chini, zisizo na haraka.

Siku iliyonirudisha nyuma ilikuwa ya msiba. Jirani yetu wa barabara ya pili alifiwa na mume. Kwetu usipokwenda msibani umejitoa mwenyewe katika watu, na mimi nilikuwa sijakwenda misiba mitatu. Kundini tukaigiza kwa wiki mbili: kuvua viatu, kuingia, kupeana mkono na mfiwa, "Pole sana, Mungu akupe subira," kukaa jamvini robo saa, kuaga. Nilikuwa tayari. Nilifika, nikavua viatu, nikampa mkono, maneno yakatoka yote. Nikakaa. Na wanawake wawili waliokuwa upande wangu wakavuta watoto wao, wakasogea mpaka mwisho wa jamvi. Nikabaki na nafasi ya watu watatu kila upande. Niliitafuta keki. Nikataja sababu ya pili, nikataja ya tatu, na nikajua kwamba safari hii ya kwanza ndiyo ya kweli.

Sikwenda kundini wiki tatu. Sista alinifuata nyumbani. Nilitegemea aniambie nijikaze, lakini alisema tu, "Wewe ulifanya yako yote. Wale hawajawahi kufanya mazoezi." Akaniuliza kama mfiwa mwenyewe alinivuta mkono au aliushika. Nikakumbuka kwamba aliushika, akaubana, na hakuuachia upesi.

Kosa langu kubwa nalo niliseme. Mwaka wa pili wa mafunzo nilijiona nimekuwa mzima. Nilikuwa naamkia watu, naomba nyongeza gengeni, nimerudi kushona kwenye baraza tunapokaa mafundi wanne. Mwezi mmoja nikaambiwa sindano haipo, nikanunue duka la dawa. Bei yake ilikuwa sawa na gauni mbili. Sikununua. Mwezi uliofuata ilikuwepo, nami sikwenda, nikijiambia kwamba stadi zinatosha. Baada ya miezi miwili jina langu lilikuwa limerudi ndani ya cherehani, nikafumua gauni la mteja usiku kucha. Mazoezi hayakuweza kushika nafasi ya dawa hata kidogo. Ila nilipoanza sindano tena niligundua jambo lililonishangaza: sikuanza sifuri. Mara ya kwanza ilinichukua karibu miaka mitatu kumwamkia mtu. Mara hii ilinichukua wiki tano. Vidole vya fundi aliyeacha kushona hukumbuka sindano, na ulimi wangu nao ulikumbuka.

Yule mwenye gauni lililofumuliwa alinipa somo la baraza zima. Alikuja kwa hasira, na haki alikuwa nayo. Zamani ningekimbia au ningemkaripia. Nikaacha kukanyaga cherehani. Nikaondoa mkono kwenye gurudumu. Nikarudia alichosema ili ajue nimesikia: "Unasema gauni ulilitaka Ijumaa na leo ni Jumatatu, tena limefumuka." Akasema ndiyo. Nikasema, "Ni kosa langu. Nilikuwa naumwa, sasa natumia dawa. Nitalishona leo, saa kumi njoo ulichukue, na sitachukua hela ya ufundi." Sentensi ile ya katikati tuliitengeneza kundini, kwa sababu swali la "ulikuwa wapi siku zote?" lilimchoma kila mmoja wetu. Tulijaribu majibu mengi. Marefu yalizaa maswali, ya uongo yalitusahaulisha tulichosema. Lile fupi ndilo lililobaki. Mteja alinitazama, akasema pole, akarudi saa kumi na nusu. Bado ananiletea vitambaa.

Sista alihamishwa mkoa mwingine. Kundi halikupewa mtu wa kuliendesha, na chumba kikawa stoo ya makaratasi. Hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu kilichotumika pale ni mabenchi mawili, khanga moja na nesi mwenye subira. Shirika la Afya Duniani linasema takriban mtu 1 kati ya 345 duniani anaishi na skizofrenia, na linahimiza wagonjwa wafundishwe kuishi na wenzao na familia zao zielimishwe, sambamba na dawa. Sisi tuliobaki, wanne, tunakutana Jumamosi jioni nyumbani kwa mzee wa lori. Tunaigiza lolote lililo mbele ya mmoja wetu: kumwomba mwenye nyumba asubiri kodi, kumwambia daktari kwamba mikono inatetemeka, kukataa bangi kijiweni bila kugombana. Mkewe anatuletea kashata, na yeye huwa mtu wa benki, mwenye nyumba, mjumbe, kila anayehitajika.

Juzi mama mmoja alikuja barazani na kijana wa miaka kama ishirini, ameshika suruali kwenye mfuko wa rambo. Alitembea hatua moja nyuma ya mama yake, mabega yamekaza, uso haukusogea nilipowakaribisha. Mama akaniambia suruali inaburuza, nipunguze inchi mbili. Niliichukua, nikaikunjua juu ya meza, nikamgeukia kijana.

"Kaka, wewe unataka ifike wapi?"

Mama akafungua mdomo. Nikamwomba kwa mkono, taratibu, asubiri. Fundi wa jirani aliacha kukanyaga. Nikahesabu kimoyomoyo, nikafika kumi, nikaendelea. Nilipofika kumi na saba kijana aliinama, akaweka kidole kwenye kifundo cha mguu wake.

"Hapa," akasema.

Nikachukua chaki, nikapiga mstari.